Kipengele Kipya, Faili la Zamani: Mizani ya Programu za Katuni

Mwanzoni mwa Februari 2026 kampuni ya Adobe iliwatangazia wateja wake kwamba ingeacha kuuza Animate, programu ya kutengenezea katuni ambayo asili yake ni ya mwaka 1996. Watumiaji walipiga kelele, na siku chache baadaye kampuni ikageuza kauli: programu itaendelea kupatikana, ila kwa matunzo tu. Hitilafu zitarekebishwa, mianya ya usalama itazibwa, lakini vipengele vipya havitaongezwa. Kauli mbili zilizofuatana kwa kasi hiyo zilizua mkanganyiko. Waliosikia ya kwanza tu walianza kuulizana wahamie wapi. Waliosikia ya pili walishusha pumzi. Na wanaojifunza, ambao kila wiki hukutana na video za mafunzo zinazosifu kipengele hiki na kile cha toleo jipya kabisa, walibaki na swali zito kuliko linavyoonekana: programu isiyoongezewa kitu, je, bado ni hai?

Ndani ya swali hilo mna dhana kwamba uhai wa programu hupimwa kwa vipengele vyake vipya. Dhana hiyo ina ukweli wake, lakini huficha jambo ambalo mtengenezaji wa katuni hulitambua akiwa ameshachelewa: vipengele vinavyookoa kazi nyingi zaidi ndivyo vinavyoifunga kazi hiyo ndani ya programu moja. Kila ushauri kuhusu toleo lipi litumike, kuhama au kubaki, kulipia au kutumia ya bure, unapaswa kupitishwa kwenye mizani hiyo. Mwingi haupitishwi.

Mzigo uko wapi

Katuni ya sinema huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Dakika moja ni fremu 1,440. Wachoraji wengi hupunguza kwa kushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, wakabaki na michoro 720 kwa dakika. Kipindi cha televisheni cha dakika 11 basi kinadai michoro 7,920, na hapo tumehesabu mhusika mmoja tu. Historia ya programu hizi ni historia ya kuikimbia hesabu hiyo. FutureSplash Animator ya 1996, iliyonunuliwa na Macromedia ikaitwa Flash, kisha ikaingia mikononi mwa Adobe mwaka 2005 na kupewa jina la Animate mwaka 2016, ilijijengea jina kwa mambo mawili. Kwanza, ilihifadhi mchoro kama maelezo ya mistari badala ya vitone, kwa hiyo faili likawa dogo kwa intaneti ya polepole ya enzi ile. Pili, ilikuwa na simboli: mkono ukichorwa mara moja hutumika popote, na ukirekebishwa mahali pamoja hurekebika kote. Vipindi kama Foster's Home for Imaginary Friends (2004) na My Little Pony: Friendship Is Magic (2010) vilijengwa kwa Flash, na simboli ndizo zilizowezesha kazi ya ukubwa huo kwenda kwa ratiba ya televisheni.

Vipengele vilivyosifiwa zaidi katika matoleo ya baadaye vimefuata njia ileile. Tabaka moja likafungwa kwa jingine, bega likisogea kiwiko kifuate. Ikaja kamera ya kubuni inayosogea juu ya matabaka yaliyopangwa kwa kina, mchoraji asilazimike kuchora mandhari upya kwa kila pembe. Ikaja mifupa inayopinda mchoro bila kuukata vipande. Na kikaja kipengele cha kulandanisha mdomo na sauti: mchoraji huandaa maumbo ya mdomo, yapatayo kumi na mawili, ndani ya simboli moja ya aina ya grafiki, kisha programu husikiliza sauti na kuamua umbo lipi likae kwenye fremu ipi.

Hapa Kiswahili kina bahati ambayo mafunzo ya Kiingereza hayawezi kuitaja. Irabu zetu ni tano na kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo. Silabi karibu zote huishia kwa irabu. Maumbo matano ya irabu, mdomo uliofungwa kwa m, b na p, meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, ulimi kati ya meno kwa th na dh, pamoja na mdomo uliotulia, hubeba mazungumzo karibu yote ya mhusika. Mwenye kutengeneza katuni ya watoto kwa Kiswahili anaweza kupanga midomo kwa mkono kwa muda ambao si mrefu wa kutisha. Kipengele kilichouzwa kama cha lazima, kwake ni nafuu tu. Thamani ya kipengele hutegemea kazi iliyo mezani, na tangazo la kampuni haliijui kazi hiyo.

Kinachookoa ndicho kinachofunga

Mchoro mmoja mmoja unasafiri. Ukiutoa kama faili la PNG au SVG, karibu programu nyingine yoyote itausoma leo na, kwa kadiri tunavyoweza kukisia, miaka mingi ijayo. Kiunzi cha mhusika hakisafiri hivyo. Mifupa, viungo, mipaka ya mzunguko, uhusiano wa tabaka na tabaka na maagizo ya lini umbo gani litokee ni mambo ambayo kila programu huyaandika kwa lugha yake. Kwenye katuni za pande tatu kuna miundo kama FBX na USD inayoweza kubeba mifupa kutoka programu moja hadi nyingine, japo kwa hasara ndogondogo. Kwenye katuni bapa, Animate na washindani wake Harmony na Moho hazina muundo mmoja zinaoshirikiana pamoja na viunzi vyake. Anayehama huhama na picha. Kiunzi hukijenga upya.

Wapo wanaosema hofu hii imetiwa chumvi, kwa kuwa tangu toleo la CS5 la mwaka 2010 faili la FLA limekuwa kifurushi kilichobanwa chenye maandishi ya XML ndani yake, na mtu mwenye ujuzi anaweza kulifungua na kulisoma. Ni kweli, na ni jambo la kheri. Lakini kusoma maelezo ya kiunzi si sawa na kuwa na mashine ya kukichezesha. Maandishi yatakueleza kwamba mfupa fulani umezunguka nyuzi 30. Namna hasa mchoro unavyojikunja kuufuata mfupa huo imo ndani ya programu yenyewe.

Ushahidi mkubwa zaidi ni kisa cha Flash Player, kichezeshi cha kazi za Flash. Julai 2017 Adobe ilitangaza mwisho wake. Tarehe 31 Desemba 2020 msaada ukakoma, na kuanzia 12 Januari 2021 kazi za Flash zikazuiwa kucheza ndani yake. Wengine husema mfano huu hauhusiki, maana kilichokufa ni kichezeshi. Programu ya kutengenezea iliendelea, ikapewa uwezo wa kutoa kazi kwa HTML5 Canvas. Ukiangalia kilichovuka na kilichobaki, pingamizi hilo linageuka kuwa hoja. Michoro ilivuka. Katuni za kutazamwa tu zilivuka, zikatolewa kama video. Michezo na masomo yaliyojengwa juu ya lugha ya ActionScript hayakuvuka mpaka mtu akae ayaandike upya kwa JavaScript, na mengi hakuna aliyekaa. Sehemu ya yaliyosalia imeokolewa na Ruffle, programu huria inayoiga kichezeshi cha zamani, ambayo Internet Archive ilianza kuitumia Novemba 2020 kuhifadhi kazi hizo. Yaani wokovu ulitoka kwa watu wasioziuza kazi hizo wala kuzitengeneza. Ni heri, ila huwezi kuupanga kwenye bajeti ya mradi.

Kulifuata kila toleo jipya

Msimamo wa kwanza unasema: sasisha daima. Nguvu yake haipingiki kirahisi. Toleo jipya huziba mianya, huendana na mfumo wa uendeshaji wa kompyuta mpya, na mara kwa mara huleta jambo linalopunguza kazi kweli. Anayetafuta ajira kwenye studio ya nje atakuta wenzake wanatumia toleo la karibuni, na kutolijua ni kikwazo.

Udhaifu wake unaonekana vizuri kwenye Blender, programu ya bure ambayo hakuna awezaye kuishuku kwamba inasasisha ili kuuza. Toleo la 2.80 la Julai 2019 lilibadilisha sura ya programu nzima, likaondoa injini ya zamani ya kutengeneza picha, na wakati huohuo likaifanya Grease Pencil, zana ya kuchora katuni bapa ndani ya uwanda wa pande tatu, kuwa chombo kamili cha kazi. Toleo la 4.3 la Novemba 2024 likaiandika Grease Pencil upya toka msingi. Faida ni kubwa kwa anayechora matukio mazito, lakini skripti na plagini zilizotegemea muundo wa awali ilibidi ziandikwe upya nazo. Katikati ya matoleo hayo mawili, toleo la 4.0 lilipandisha sharti la kadi ya grafiki: kwenye Windows na Linux, kompyuta lazima imudu OpenGL 4.3. Kwa mwenye kompyuta ya miaka mitatu, sharti hilo halina uzito. Kwa anayefanyia kazi kompyuta ndogo iliyonunuliwa mkono wa pili Kariakoo au mtaa wa Luthuli, Nairobi, linaweza kumaanisha kwamba programu ya bure inamdai mashine mpya.

Kuna jambo ambalo studio zenye uzoefu hulifanya na wanaoanza huliona kama uvivu: hazibadilishi toleo katikati ya mradi. Sababu ni rahisi. Faili lililohifadhiwa na toleo jipya mara nyingi halirudi nyuma, na mshiriki mmoja akisasisha kabla ya wengine, kazi yake huenda isifunguke kwenye meza ya jirani. Blender imelitambua hitaji hilo kwa kutoa matoleo ya muda mrefu, yanayorekebishwa kwa miaka miwili bila kuongezewa vipengele. Tazama basi: hali ya matunzo tu, ambayo kwa watumiaji wa Animate ilisikika kama hukumu ya kifo, kwa Blender hutolewa kama huduma inayoombwa. Tofauti ni kwamba baada ya toleo hilo la Blender kuna jingine linalofuata, na baada ya Animate ya sasa hakuna ahadi.

Kuganda mahali pamoja

Msimamo wa pili ni kinyume chake: nilichonacho kinatosha, siguswi. Wanaoushika hutaja CS6 ya mwaka 2012, kizazi cha mwisho cha Adobe kuuzwa kwa leseni ya kudumu kabla ya mwaka 2013 kampuni kuhamia malipo ya usajili. Hoja yao ni ya kiuchumi, na haina dosari kama dunia ingesimama. Haisimami. Apple ilipotoa macOS Catalina mwaka 2019 iliondoa uwezo wa kuendesha programu za biti 32, na programu nyingi za kizazi hicho zikanyamaza siku hiyohiyo kwenye kompyuta zilizosasishwa. Mnunuzi alikuwa amelipia kila kitu; kilichokosekana ni sakafu ya kusimamia.

Na lisemwe bila kuzunguka: sehemu ya wanaoganda kwenye matoleo ya zamani katika miji yetu wanatumia kopi za wizi. Mbali na sheria, kopi hizo mara nyingi huja na virusi na haziwezi kuorodheshwa kwenye mkataba na shirika linalodai risiti za programu zilizotumika. Studio changa inayotaka kuuza kipindi kwa televisheni au kupata kazi ya shirika la afya ya jamii hujifungia mlango yenyewe.

Njia ya programu huria na ile ya kulipa mara moja

Msimamo wa tatu, unaozidi kupata wafuasi, ni kuhamia programu huria. Blender ilianza kama zana ya ndani ya studio ya Kiholanzi ya Ton Roosendaal. Kampuni iliyoiuza ilipoanguka mwaka 2002, wapenzi wake walichanga euro 100,000 kwa wiki saba ili msimbo uachiliwe kwa umma. OpenToonz, iliyotolewa bure na Dwango ya Japani mwaka 2016, inatokana na Toonz, programu ya Kiitaliano iliyotumiwa na Studio Ghibli. Krita na Synfig zipo pia, kila moja na ufundi wake. Machi 2025 filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender kwa bajeti ya takriban euro milioni 3.5, ilishinda Oscar ya filamu bora ya katuni, na tangu hapo jina la Blender limekuwa jibu la haraka kwa kila anayeuliza atumie nini.

Haraka hiyo inastahili kuzuiwa kidogo. Flow ni katuni ya pande tatu, ya mkurugenzi ambaye tayari alikuwa ametengeneza filamu nzima peke yake. Haithibitishi lolote kuhusu mtu mwenye wahusika wawili bapa na tangazo la dakika mbili la kunawa mikono. Mfano ulio karibu zaidi ni filamu ya Kifaransa ya Jérémy Clapin ya mwaka 2019, J'ai perdu mon corps, iliyotumia Grease Pencil kuchora juu ya umbo la pande tatu. Nayo ilikuwa kazi ya studio yenye mafundi wa kuandika zana zao wenyewe. Kwa katuni bapa ya viunzi, ile ya kukatwa vipande na kuunganishwa viungo, Blender inaweza, lakini inamtaka mtumiaji ajenge mengi ambayo Harmony au Moho humpa tayari. Gharama haijafutika, imehama kutoka mfukoni kwenda kwenye saa za kujifunza, na mafunzo mengi ni ya Kiingereza.

Hata hivyo hoja kuu ya programu huria, kwa mizani tuliyoiweka mwanzoni, haiko kwenye bei. Iko kwenye ghala la matoleo ya zamani. Blender huacha matoleo yake yote ya nyuma yapakuliwe na yeyote, bila kuuliza akaunti wala kuthibitisha leseni kwenye mtandao. Faili la mwaka 2015 lisipofunguka vizuri leo, unarudi kwenye toleo la 2015, unalifungua, unatoa unachotaka. Mteja wa usajili hana njia hiyo pale kampuni inapofunga mlango. Usajili wa Animate peke yake nchini Marekani umekuwa karibu dola 23 kwa mwezi, yaani karibu 276 kwa mwaka, na kinacholipiwa ni ruhusa ya kuendelea kufungua kazi yako mwenyewe. Sarafu ya mapato ikiwa shilingi na ya malipo ikiwa dola, ruhusa hiyo hupanda bei hata kama kampuni haijaigusa.

Kati ya ncha hizo kuna Moho, inayouzwa kwa leseni ya kudumu na yenye mifupa bora kabisa kwa katuni bapa. Imetumika katika kazi za studio ya Cartoon Saloon ya Ireland. Inafaa studio ndogo kuliko inavyosemwa, ingawa kisa cha Catalina kinaihusu nayo: kulipa mara moja si bima dhidi ya mfumo wa uendeshaji kubadilika. Harmony ya Toon Boom ya Montreal ni ya usajili na ni ghali, ila ndiyo lugha ya studio nyingi za televisheni duniani. Kwa kijana wa Kampala au Dar es Salaam anayelenga kuajiriwa kwenye kazi za mkataba kutoka nje, miezi michache ya kujifunza Harmony ina faida kuliko mwaka mzima wa kubobea kwenye kitu kisichoulizwa kwenye usaili. Hapo kufungwa na programu moja ni bei inayokubalika, kwa sababu faili ni la mwajiri.

Akili mnemba, kwa ufupi

Wapo wanaosema mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwa kuwa akili mnemba sasa hutoa video kwa maandishi. Tatizo lao ni marekebisho. Mteja akitaka kanga ya mhusika ibadilike rangi kwenye matukio yote 40, kwenye faili la simboli ni kazi ya dakika. Kwenye video iliyozalishwa hakuna tabaka la kanga la kugusa. Akili mnemba inasaidia kwenye kazi za pembeni, kama kusafisha sauti au kupanga midomo. Kama mahali pa kuhifadhi mhusika atakayeishi vipindi hamsini, inafunga kuliko programu yoyote iliyotajwa hapa, maana hata mwenye faili hana cha kufungua.

Mizani inaelemea wapi

Ukikubali kwamba kuokoa kazi na kufungwa vinakuja pamoja, swali la kama Animate imekufa linapungua makali. Studio iliyo katikati ya msimu wa kipindi ndani yake haina sababu ya kukimbia. Programu isiyobadilika ndiyo hasa inayohitajiwa na mradi uliokwisha anza, na kuhama sasa ni kujenga viunzi vyote upya kwa hofu ya kitu ambacho hakijatokea. Studio inayopanga wahusika wapya wa kudumu miaka mitano iko kwenye hali tofauti: kuwajengea viunzi ndani ya programu isiyo na mbele ni kuweka akiba mahali ambapo huenda pakafungwa. Hiyo ianze kwingine, na uchaguzi kati ya Moho, Harmony na Blender uamuliwe na nani atalipa, kwa sarafu gani, na kompyuta zilizopo zinabeba nini.

Kwa studio zote mbili, mbinu zenye faida zaidi hazitegemei toleo. Michoro ya msingi ya kila mhusika, kuanzia pembe za kichwa na mikono hadi seti ya midomo, itolewe kama SVG au PNG na kuwekwa nje ya programu siku inapokamilika, kabla ya mfupa wowote kuingizwa. Sauti ibaki kama mafaili ya WAV yenye majina ya matukio, isizikwe ndani ya faili la mradi. Tukio lililokamilika litolewe kama mfuatano wa picha kabla ya kuunganishwa kuwa video: umeme ukikatika kwenye fremu ya 900, fremu 899 zipo salama na kazi huendelea hapo, ilhali video iliyokatika katikati mara nyingi huanza upya. Kisakinishi cha toleo lililotumika kihifadhiwe pamoja na mradi pale leseni inaporuhusu. Na mara moja kabla ya kukabidhi, mradi ufunguliwe kwenye kompyuta ya pili ambayo haikuutengeneza. Fonti iliyokosekana na plagini iliyosahaulika hujitokeza hapo, wakati bado kuna mtu anayekumbuka zilitoka wapi.